Huyo Kwale Hujamwita, Umemtapeli

Wasee wa Voi, Mwatate, Maungu, na nyinyi mnaotazama mkiwa Nairobi na Mombasa mkiandika "hii ni moto" kwa komenti: leo tuongee kuhusu hizi video za kuita ndege.

Mmeziona. Ni alfajiri, nyasi ziko na umande, spika ndogo ya Bluetooth imefichwa kando ya kichuguu. Inacheza sauti ya kwale. Dakika mbili hivi, kwale wa ukweli anatokea, shingo ya manjano imenyooka, macho yanatafuta. Kamera inaruka, kelele kidogo, na picha inayofuata ni sufuria. Halafu ngoma zinaingia na maandishi yanatokea: "Mbinu za mababu. Utamaduni wetu."

Mababu gani hao walikuwa na Bluetooth?

Nitasema msimamo wangu mapema ndio kama unataka kunitusi uanze sasa. Kumtoa ndege kwa kichaka na sauti ya kurekodiwa ili umuue ni utapeli. Usiuite uwindaji wala utamaduni. Na ukiifanya mbele ya kamera kwa ajili ya watazamaji, ni mbaya kuliko ile ya mtu mwenye njaa, kwa sababu mwenye njaa hukula akanyamaza. Wewe unafundisha darasa la watu elfu kadhaa.

Na kabla mtu aniulize: hapana, sina digrii ya wanyama. Sina digrii ya chochote, niliacha chuo mwaka wa pili na hiyo si siri. Lakini niliacha chuo, sikuacha kusoma.

Kwanza, elewa ile sauti ni nini. Kwale wa shingo ya manjano, huyu amejaa kuanzia Tsavo mpaka nyuma ya nyumba zetu, hupanda kichuguu asubuhi na kupiga kelele kama mlango unaohitaji mafuta. Haimbi kukufurahisha. Anatangaza mipaka. Ni kama mtu anayesoma hati miliki ya shamba lake kwa sauti kila siku kabla jua halijatoka: hapa ni kwangu, huyu ni mke wangu, mwingine asikanyage. Ukiweka spika katikati ya hilo shamba ukacheza sauti ya kwale mwingine, umemwambia kuna mwizi ameingia. Yeye anatoka kuja kutetea nyumba.

Kwa hivyo kinachomuua si ujinga. Ni vile anachunga familia yake. Wewe unachukua ile kitu nzuri zaidi ndani yake unaigeuza chambo, halafu unacheka kwa kamera ati "ndege hawana akili".

Pili, angalia msimu. Huku kwetu tuna mvua mbili, za Machi mpaka Mei na zile za mwisho wa mwaka. Ndege wengi wa ardhini hutaga wakati wa mvua na baada yake, kwa sababu hapo ndipo kuna wadudu na mbegu za kulisha vifaranga. Na ndio wakati huohuo dume ana hasira na mipaka yake kuliko wakati wote. Unaona hesabu inaenda wapi? Hiyo spika yako inafanya kazi vizuri zaidi wakati kuna mayai. Ukiona wanakuja mbio, ujue kuna kiota karibu. Ile video yako yenye imefanya vizuri kuliko zote, inawezekana ndiyo iliacha mama peke yake na mayai chini ya kichaka, bila mlinzi.

Kanga ni hivyohivyo. Nje ya msimu wanatembea kundi kubwa, lakini mvua ikifika wanagawanyika wawili wawili. Jike ndiye mwenye ile sauti ya mapigo mawili inayojirudia, mnaijua hata kama hamjui ni ya jike. Dume hukaa karibu akilinda, na vifaranga wakitoka wazazi wote wawili hulea. Ukimtoa mmoja umevunja nyumba.

Na yule kanga mwingine wa Tsavo, wa kifua cha buluu inayong'aa na kichwa kama cha tai? Watafiti waliomfuatilia kule Mpala, Laikipia, walichapisha mwaka 2019 kwamba hao ndege wana makundi thabiti, na makundi yenyewe yana marafiki: kundi hili hulala na lile, halipendi lile lingine. Ndege mwenye ubongo mdogo hivyo anakumbuka jirani zake ni akina nani. Sisi kwenye ploti tunaishi miaka mitatu hatujui jina la mtu wa mlango wa pili.

Sasa, hii kitu mmeitoa wapi? Si kwa babu yako. Mmeitoa kwa YouTube, kwa video za Wamarekani wanaowinda bata mzinga wa mwituni. Nimezitazama pia, nyingi. Enyewe ni ufundi. Kuna mwenye kisanduku cha mbao chenye kifuniko anachokisugua mpaka kinalia kama jike. Kuna mwenye kibamba cha jiwe na kijiti. Kuna anayeweka kiwambo chembamba cha mpira mdomoni na kupuliza, mikono yote ikiwa huru. Mtu anakaa ameegemea mti, nguo za rangi ya majani, hasongi. Kwa kawaida dume la bata mzinga husimama, huita na kujipanua mkia, na jike ndiye humfuata. Mwindaji anajaribu kugeuza hiyo: ajifanye jike asiyetaka kusonga, mpaka dume aamue kuja mwenyewe. Wengine hufanya mazoezi miaka, na bado asubuhi nyingi wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Lakini kuna sehemu ya hizo video mnairuka. Kule kuna msimu, una tarehe ya kufungua na ya kufunga. Kuna leseni, na kuna idadi. Msimu wa kuchipua kwa majani, majimbo kwa jumla huruhusu madume tu, ndio majike wakalie mayai. Na sikia hii vizuri: majimbo mengi yanakataza kabisa spika ya umeme kwa bata mzinga. Ukitaka kumwita, mwite na mdomo wako ama na mkono wako. Mwenye kuwinda kwa burudani kule amewekewa sheria kwamba lazima ndege awe na nafasi ya kugundua unadanganya.

Hizo sheria hazikuanguka kutoka mbinguni. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamewapiga risasi mpaka wakaisha katika majimbo mengi. Ikabidi wawakamate waliobaki wakiwa hai, wawahamishe msitu kwa msitu, na tangu mwaka 1937 kodi ya bunduki na risasi ikaanza kulipia kazi ya kurudisha wanyama. Leo wako takriban milioni 6. Yaani kwanza walimaliza ndege, wakajuta, wakalipa, ndipo wakapata haki ya kupiga hizo video mnazoiga.

Nyinyi mmechukua mluzi mkaacha sheria. Na hata mluzi hamkuuchukua, mmechukua spika.

Nikiandika hivi najua komenti zitakazokuja, kwa hivyo nizijibu hapahapa. Ile kubwa ni hii: "Ndovu anakula mahindi ya mathe wangu usiku kucha hakuna mtu anakuja. Mimi nikishika kwale mmoja, naitwa jangili."

Hiyo siipuuzi, na mtu asikwambie ni stori za jaba. Mbuga za Tsavo zimebeba karibu asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hii. Zilichorwa mwaka 1948, na waliokuwa wakiishi na kuwinda humo hawakuchora ramani. Waata, wale mabingwa wa upinde mrefu, waliamka siku moja kazi ya baba zao imeitwa uhalifu. Mwaka 1957 kulikuwa na operesheni kubwa Tsavo na wengi wao wakafungwa, wakati huohuo wazungu wakiingia nchini na bunduki na leseni, na yao ikaitwa mchezo. Hata marufuku ya uwindaji ya mwaka 1977 haikuwagusa ndege wa kuwindwa, kwa hivyo mwenye leseni na bunduki nzuri aliendelea kupiga kanga wakati mwenye mtego wa kamba alikuwa mahakamani. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inazungumzia fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, na kila mtu hapa anajua familia iliyosubiri mpaka ikachoka.

Hasira yako ni halali. Lakini kwale ana deni gani kwako? Hajakula shamba lako. Anachokula ni mchwa na mbegu za magugu. Kumuua kwale kwa sababu ndovu alikukosea ni kama kumpiga kondakta kofi kwa sababu Nairobi bei ya mafuta imepandishwa. Yule mwenye makosa hata hajasikia.

Na usijidanganye kuhusu nani atalipa. Sheria hiyo ya 2013 inakataza uwindaji wa burudani na ule wa kitoweo pia. Wewe umejirekodi. Sura yako iko hapo, mlima Sagalla uko nyuma yako, tarehe iko kwa simu. Umempelekea askari wa wanyamapori ushahidi ukiwa umeupanga na muziki. Mwenye video ya kwanza kule Marekani hatakuja kukulipia dhamana.

Komenti ya pili: "Ni ndege wawili tu." Babu akitega, mtego ulikuwa mmoja, na ujuzi ulikaa mkononi mwake. Alikufundisha akikuamini, na pengine akakwambia wapi usitege na lini usitege. Video haichagui mtu. Anaiona msee wa Taveta, wa Kibwezi, wa Kilifi, kila mmoja ana simu, kila mmoja atachukua "wawili tu". Halafu inaingia pesa. Ukitaka kujua pesa ikiingia mambo huishia wapi, angalia Bunyala, kule kwenye mashamba ya mpunga magharibi mwa Kenya. Huko kumekuwa na watu wanaofunga korongo hai kwa kamba awe chambo, wenzake wakimwona wanatua wakidhani ni salama, na wanakuta konokono waliopakwa Furadan. Hiyo ni dawa ya wadudu ya shambani. Na hao ndege huuzwa wakaliwa. Sisemi wewe umefika huko. Nasema mlango ni huohuo, wa kumtumia ndege mwenzake kama uongo.

Sasa tuje kwa hiyo neno mnapenda, utamaduni. Mnataka kuona binadamu wa Afrika akiita ndege kwa ukweli? Someni kuhusu mlembe, yule ndege mdogo wa asali. Yuko Tsavo pia. Mlembe anajua nyuki wako wapi lakini hawezi kuvunja mzinga. Mtu ana moto na shoka lakini hajui nyuki wako wapi. Kwa hivyo wanaitana. Waborana wa kaskazini mwa Kenya hupiga mluzi mkali, wengine kwa ngumi zilizofumbatwa, wengine kwa ganda la konokono ama koko la mkoma lililotobolewa, na ndege anakuja kuwaongoza. Mkenya, Hussein Isack, pamoja na mwenzake Reyer, walipima jambo hili na kulichapisha mwaka 1989: bila ndege, kutafuta mzinga kulichukua wastani wa karibu saa 9, na ndege, saa 3 na kidogo. Mtu anakula asali, ndege anabaki na nta.

Kule Niassa, Msumbiji, Wayao wana sauti yao, mtetemo wa ulimi unaoishia na mguno. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa ukiita hivyo, uwezekano wa kupata ndege wa kukuongoza unapanda kutoka asilimia 33 hadi 66. Mwaka 2023 wakalinganisha na Wahadza wa Tanzania, ambao hupiga mluzi. Ikaonekana mlembe wa kila mahali anajibu zaidi wito wa watu wa kwao. Ndege wamejifunza lugha ya jirani zao! Na ndiyo, watafiti walitumia spika kupima hiyo kitu, niseme kabla hujanishika hapo. Tofauti ni kwamba hakuna ndege aliyekuja akakuta sufuria.

Huo ndio wito wenye heshima: unaita, anakuja, mnagawana, na kesho ukiita atakuja tena. Wako wewe unafanya kazi mara moja kwa kila ndege. Wito unaomaliza wanaouitikia utakuwa utamaduni wa nani? Baada ya miaka kumi utamrithisha mtoto wako nini, faili ya sauti?

Na nyinyi wa darubini na kofia za kitambaa, msicheke, nimewaona. Huku juu Wundanyi kuna msitu wa Ngangao, na ng'ambo kuna Mbololo na Vuria, vipande vya msitu wa zamani vilivyobaki katikati ya mashamba. Ngangao wenyewe ni hekta 120 hivi. Humo kuna ndege anaitwa Taita apalis, mdogo, wa kijivu na koo jeusi, ambaye haishi popote pengine duniani ila kwenye vilima vyetu. IUCN imemweka kwenye daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Mgeni anafika na saa mbili tu kabla ya kurudi hotelini, anataka amtie kwenye orodha yake, kwa hivyo simu inatolewa na sauti inachezwa mpaka ndege anatoka. Hafi, kweli. Lakini anaacha kula, anaacha kiota, anapigana na mtu asiyekuwepo. Kesho anakuja mgeni mwingine na simu nyingine. Chama cha watazama-ndege cha Marekani kimeandika kwenye maadili yake kwamba matumizi ya sauti za kurekodi kuvuta ndege yapunguzwe, hasa kwa ndege walio hatarini. Kwa hivyo hata mkifuata sheria za kwenu, hiyo simu inafaa kukaa mfukoni.

Na vijana wa huku mnaoongoza wageni, mko na nafasi ya kukataa. Kiongozi anayemjua ndege kwa sikio, anayejua mti gani na saa ngapi, huyo ana kazi ya kudumu. Kiongozi wa spika anaweza kubadilishwa na mtu yeyote mwenye chaji.

Basi mnataka nifanye nini na spika yangu, mtauliza. Vizuri. Mmesahau kitu kiko hapo tu Sagalla. Watafiti walianza kwa kuwachezea ndovu sauti ya nyuki wenye hasira kwenye spika, ndovu wakakimbia. Matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Kutoka hapo likaja wazo la ua wa mizinga, na leo wakulima wa Sagalla wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akigusa, nyuki wanatoka. Mahindi yanapona mara nyingi, na asali inauzwa. Hiyo ni sauti iliyotumiwa na mtu mwenye shida ya kweli, dhidi ya mnyama mwenye deni. Kaipigie hiyo video. Nitaisambaza mimi mwenyewe.

Unataka nyama ya kanga? Omba kibali cha kufuga. Najua mnakumbuka ile wazimu ya mayai ya kwale ya 2013 na 2014, watu wakaingia bila hesabu na bei ikaanguka. Lakini walioenda pole, na karatasi zao, kuna ambao bado wanafuga.

Unataka kontenti ya kuita ndege? Tumia mdomo. Nje ya msimu wa kutaga. Ita kidogo, ndege akionekana nyamaza, umrekodi, uondoke. Jifunze sauti tano za ndege wa mtaa wako bila simu na utaona ni ngumu kiasi gani. Kwenda kwa wazee Kasigau na Sagalla, kaa nao, uliza waliitaje, waliacha lini na kwa nini. Hao wazee wanazeeka na hakuna anayewarekodi, kwa sababu sote tunarekodi sufuria.

Na zile video ambazo tayari ziko hewani, zifute. Usiweke maelezo, usiombe msamaha wa dakika kumi na machozi. Futa tu. Machi iko karibu, mvua ikishuka madume watapanda vichuguu tena kutangaza mipaka yao. Waachwe watangaze.

Wewe unaonaje? Kama unapinga, pinga kwa hoja, niko hapo chini kwa komenti. Lakini ukianza na "mababu zetu", niambie jina la babu na aina ya spika aliyotumia.